Theluji Niliyomfagisha Mjukuu Wangu

Ninyi vijana mtakaosoma hapa, msinikunjie ule uso wa huruma mnaowawekea wazee. Siutaki. Nimesoma mpaka darasa la nne, mwandiko wangu unapanda na kushuka, lakini ninachokisema nakijua, na niliyemtendea bado yu hai. Ninaandika habari za utoto. Si wangu, ingawa wangu nao utapita humu ndani. Ni utoto wa mjukuu wangu Yusta, ambao ulikuwa mkononi mwangu, nami nikaubana.

Kilichonirudisha huko ni fagio. Juzi binti yangu Blandina alikuwa anasafisha besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba tunakotupia kila kisichohitajika, akalivuta kutoka nyuma ya tanuri la kupashia nyumba joto. Fagio la chelewa. Limebaki fupi kama kiganja, vijiti vimekatika, kamba imelegea. Akalitazama, akapanda nalo juu, akaliweka mezani kando ya kikombe changu cha chai, akarudi chini bila kusema neno. Hasira za kimya, huyo. Kazirithi kwangu. Nilipobaki peke yangu nikalinusa. Mtasema chelewa hazina harufu. Hizi zina harufu ya udongo uliolowa, na chuma baridi, na kitu kingine ambacho sitaki kukitaja mapema hivi.

Nilikuja Toronto kumpokea mtoto huyo. Blandina alikuwa na mimba kubwa, mume wake anaendesha malori ya safari ndefu, leo yupo, kesho hayupo wiki tatu, na binti yao wa kwanza, Debora, ana miaka mitano tu. Nilifika katikati ya baridi. Uwanja wa nyuma ya nyumba yetu kule Scarborough ulikuwa hauonekani, uzio umezama nusu. Blandina akasema, “Mama, hii ndiyo theluji.” Mimi nikaguna. Nilidhani naijua.

Mimi ni mtu wa Makete. Watu wakisikia Tanzania wanadhani nchi nzima ni joto na nazi. Kwetu asubuhi maji ya kwenye ndoo yanavaa ngozi ya barafu, na juu ya majani ya viazi inalala sakitu, nyeupe kama chumvi iliyomwagwa. Mama yangu alikuwa na vinyungu, yaani vile vishamba vya bondeni penye unyevu, na bondeni ndiko sakitu inakopenda kukaa. Sakitu yenyewe haichomi. Inasubiri jua. Jua likiigusa tu, jani linaungua kama limepitishwa motoni. Kwa hiyo kazi yangu, tangu nikiwa na miaka sita, ilikuwa kushuka bondeni kabla ya jua, miguu mitupu, na kopo, kuchota maji ya kijito na kuosha majani mstari kwa mstari.

Asubuhi moja nilipitia jikoni kwa shangazi kuota moto. Alikuwa anachoma viazi. Nilisema nitaota kidogo tu. Nilipotoka jua limeshafika kwenye kilima cha pili, na nilipofika bondeni shamba lilikuwa jeusi na linanuka mboga iliyopikwa. Mama hakunipiga. Ningeshukuru angenipiga. Jioni alipakua chakula cha wadogo zangu, akafunika chungu, akasema, “Yusta ameshakula kule bondeni.” Yusta huyo ni mimi. Wadogo zangu wakacheka. Akasema hivyo kesho yake, na keshokutwa, na wiki nyingine, mpaka ikawa maneno ya nyumbani. Nilikula makombo ya wenzangu mpaka viazi vya msimu mwingine vilipokomaa. Nilichojifunza ni hiki: weupe wa asubuhi juu ya mmea ni adui, na mtoto ndiye wa kuuondoa. Sikujifunza kwamba mama alikuwa mkatili. Hilo nimelijua nikiwa na mvi.

Basi mtoto alizaliwa, wakampa jina langu. Nikawa namwita wajina. Kitovu kilipodondoka nikamuuliza Blandina, “Tunakipeleka nyumbani lini?” Kwetu kitovu cha mtoto kinazikwa kwenye ardhi ya nyumbani, na juu yake unapandwa mti. Blandina alikuwa ananyonyesha, amechoka, nywele timutimu. Akasema, “Mama, nyumbani ndiyo hapa. Kizike nje.” Nikatoka na jembe dogo. Liligonga ardhi likaruka kama limegonga sakafu ya kanisa. Kitovu kikakaa kwenye kopo la kahawa juu ya kabati miezi minne, na kila mgeni aliyekuja kuona mtoto akataka kahawa nilimwambia imekwisha.

Ardhi ilipolainika tulikwenda duka la mimea nikachagua mti pekee niliouelewa pale, mfyulisi, wengine mnauita mpichi. Makete ipo mingi. Tulichimba shimo karibu na uzio, nikaweka kitovu kwenye pamba, nikaweka mche juu. Na mtoto alipoanza kuelewa maneno nilimshika bega nikamsimamisha mbele ya mti ule nikamwambia, “Huyu ni wewe. Akinawiri umenawiri. Akikauka umekauka.”

Kwetu maneno haya anaambiwa kila mtoto, na kila mtoto anayapuuza, kwa sababu ana binamu ishirini wenye miti ishirini, mingine imeliwa na mbuzi, na binamu wazima wanacheza mpira. Wajina alikuwa na mti mmoja, bibi mmoja, na hakuwa na wa kumcheka. Akaamini. Nami nikaona ameamini, nikatumia. Hataki kula ugali: “Mti wako unanyauka.” Amejibu Kiingereza: “Nimesikia tawi likikatika huko nje.” Alikimbilia dirishani kuangalia, miguu inagongana. Debora akawa anacheka mpaka anakaa chini. Nami nilicheka. Ndiyo maana katika watoto wote wa kanisani kwetu, pale tunaposali Kiswahili Jumapili alasiri kwenye jengo la kuazima, yeye peke yake ndiye aliyejibu wazee kwa Kiswahili kilichonyooka. Akina mama walinisifu. “Bibi Yusta, umemfundishaje?” Nikasema, “Kwa mapenzi.”

Alipofika miaka mitano nikampa fagio.

Theluji ilianguka usiku, asubuhi imekumbatia shina la mfyulisi mpaka magotini. Nilimwamsha kabla ya shule, nikamvika koti na mabuti, nikampa fagio la chelewa nililotoka nalo nyumbani, nikasema afagie shina lote mpaka udongo uonekane, kabla jua halijapiga. Glavu nilimvua. Kwenye glavu fagio linateleza. Blandina alikuwa anatoka zamu, anafanya kazi ya kuogesha wazee kwenye nyumba ya wazee, akamkuta mtoto uani, vidole vyekundu kama nyanya.

“Mama, huyu ni mtoto.”

“Na mimi nilikuwa mbuzi?”

“Mikono yake, Mama.”

“Mikono inapona. Mti ukiungua hauponi. Unataka mti wake uungue?”

Blandina akamtazama mtoto, akanitazama, akaingia ndani kulala. Alikuwa amesimama usiku kucha. Msimlaumu. Nyumba ile mwenye nguvu nilikuwa mimi.

Upande wa pili wa uzio aliishi mzee wa Kiitaliano, mjane, mfupi, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto. Alikuwa na mtini ambao kila mwaka majani yakipukutika aliulaza chini, akauchimbia kaburi, akauzika kwa mbao na udongo, na mwezi wa nne akaufukua. Nilimwona mara ya kwanza nikajua ni mchawi. Karibu na uzio naye alikuwa na mfyulisi, mkubwa kuliko wetu, na kila theluji ilipoanguka alichukua koleo akairundika kwenye shina la mti huo, akaipigapiga kwa mgongo wa koleo kama mama anayembembeleza mtoto alale. Mimi nikimwangalia namsikitikia. Mtu mzima anaulisha mti wake sakitu.

Kisha akaanza na wetu. Asubuhi moja wajina amemaliza kufagia, udongo mweusi, safi, nikageuka kuweka chai, nikasikia pu, pu. Yule mzee anachota theluji ya kwake anaitupa juu ya uzio, inaangukia shina la mti wetu. Kitovu cha mjukuu wangu. Nilitoka na kandambili kwenye theluji.

“Wajina. Mwambie akirudia nitammwagia maji ya moto.”

Mtoto akamwendea, akasema maneno mengi kuliko niliyompa. Mzee akajibu kwa Kiingereza chake kilichovunjika kama changu, anaonyesha mti, anajikumbatia, anafumba macho kama mtu aliyelala. Mtoto akarudi. Uso wake ulikuwa unang'aa, kwa sababu alikuwa ameleta habari njema.

“Bibi, anasema theluji ni blanketi. Anasema mizizi inalala chini yake inapata joto. Anasema tusifagie. Tukifagia, mti unasikia baridi, unaweza kufa.”

Nilimzaba kofi. Si kubwa. Ninaandika “si kubwa” kwa sababu mkono ulikuwa wangu. Aliyelipokea hajasema lilikuwa kubwa kiasi gani.

“Blanketi la barafu umeliona wapi? Unachukua maneno ya mchawi unaniletea mimi? Shika fagio.”

Akashika. Akafagia ile ya mzee pia, huku mzee amesimama kwenye uzio na koleo lake, anatikisa kichwa. Kuanzia siku ile mtoto alifagia akijua. Hapo ndipo nataka mkae kidogo. Alikuwa na miaka sita, ameambiwa na mtu anayejua miti kwamba kufagia kunaua mti, na ameambiwa na bibi yake kwamba mti ni yeye. Na akafagia. Aliniogopa mimi kuliko alivyoogopa kufa.

Miaka ile ya kwanza theluji ilinishinda. Tukifagia asubuhi, jioni imerudi. Tukifagia Jumatatu, Jumanne imezidi. Nilikuwa naisonya dirishani. Sasa najua kwamba kule kushindwa kwangu ndiko kulikoutunza mti ule. Kila kiangazi ulitoa fyulisi ndogo, zenye manyoya, kali kidogo, na harufu yake ilijaa jikoni mpaka Debora anasema nyumba inanukia manukato. Nikaamini ni kazi ya fagio.

Halafu theluji ikaanza kupungua. Sikuona mara moja. Ni kama mtu anayekonda, wa nyumbani haoni. Mwaka mmoja ilichelewa mpaka karibu na Krismasi. Mwaka mwingine ilikuja, ikakaa siku nne, mvua ikaiosha. Mvua, katikati ya majira ya baridi. Vibarazani watu walikuwa wanafurahi, hakuna kuzoa theluji, hakuna kuteleza. Mimi nilifurahi kuliko wote. Nilimwambia wajina, “Umeona? Tumeishinda theluji.” Alikuwa na miaka tisa. Alifagia ile iliyokuwepo, nyembamba kama unga juu ya kibao, dakika tano kazi imekwisha, na shina likabaki wazi, udongo umekauka, umepasuka, siku nyingine umeganda kama jiwe, siku nyingine umekuwa tope. Kuganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka. Yule mzee alizunguka uani kwake na koleo mkononi akitafuta cha kurundika, hakuna. Nilimcheka.

“Blanketi lako liko wapi leo?” nikamwambia kwa Kiswahili. Aliinua koleo tupu akanionyesha. Nilidhani ananitukana.

Mwezi wa tatu joto likaja kama limekosea mlango. Watu walitembea na fulana. Nyasi zikawa kijani, vichipukizi vya maua ya watu vikatoa pua kwenye udongo, nyuki wakaja. Na mfyulisi wetu ukafunguka wote kwa siku tatu. Miaka mingine ulisubiri mpaka mwezi wa tano. Mwaka huo ulikuwa waridi kuanzia chini mpaka ncha, hauna jani hata moja, maua tu, na harufu yake ikaingia mpaka kwenye nguo tulizoanika. Jumapili hiyo nikaalika akina mama wa kanisani. Walisimama uani na vitenge vyao, hawana hata makoti, nikamweka wajina chini ya mti, Debora akapiga picha.

“Huyo ndiye yeye,” nikawaambia. “Mnaona alivyonawiri.”

Picha hiyo ninayo. Akina mama wote wanacheka. Mtoto hacheki. Ameinua uso anayaangalia maua kama anayaomba yasishuke. Na nyuma, juu ya uzio, kuna kofia ya sufu ya yule mzee, na mti wake nao umechanua, na mkono wake uko shavuni.

Baridi ilirudi mwezi wa nne. Jioni yake Blandina alisikia kwenye redio, akaniambia. Sikuwa na wasiwasi. Sakitu ni ya kwetu, nikasema, naijua dawa yake. Kabla ya mapambazuko nilimtoa wajina kitandani. Kila ua lilikuwa na weupe juu yake. Nikajaza makopo na birika, nikamwinua juu ya kiti cha plastiki, nikasema, “Osha. Tawi kwa tawi. Jua lisikukute.”

Akaosha. Alikuwa na nguo ya kulalia chini ya koti. Maji yalipogusa maua yaliganda hapo hapo, kila ua likawa ndani ya kioo. Yakatiririka kwenye mikono yake mpaka kwapani. Nikabeba makopo, nikabeba, nikamwambia haraka, haraka, unaota moto wa nani wewe. Nilijisikia nikisema hivyo. Hakukuwa na moto wowote. Nilikuwa nasema na mtoto mwingine, wa Makete, jikoni kwa shangazi yake. Wajina akasema kwa sauti ndogo, “Bibi, haiyeyuki.” Nikasema, “Ongeza.” Vidole vilikuwa vimepasuka kwenye viungo, damu imeingia kwenye maji, na alipochukua lile fagio kupangusa barafu matawini ikaingia kwenye fagio. Hiyo ndiyo harufu niliyosema sitaitaja mapema.

Jua lilipotoka mti uling'aa, sijapata kuona kitu kizuri namna ile. Saa mbili baadaye maua yalikuwa kahawia, na uani pananuka mboga iliyopikwa.

Majani machache yalichomoza tawi moja, yakajikunja. Gome likapasuka kwa chini, likatoa utomvu mzito kama asali iliyooza. Mwezi wa sita mti ulikuwa kuni. Na mimi, mtu mzima, bibi wa watu, nilifanya nini? Jioni wakati wa kupakua nilisema mbele ya wote, “Yusta aliosha nusu nusu. Alikuwa anaota ndoto juu ya kiti.” Debora akadakia, amejifunza kwa nani kama si kwangu, “Mti umeshakufa, sasa zamu yako. Viatu vyako vile vyekundu uniachie.” Tukacheka. Mtoto akashuka kwenye kiti, akaenda chumbani, akarudi na viatu, akampa.

Niliona ni kiburi. Kesho yake akampa daftari zake zenye picha. Kisha kofia. Kisha akaacha kula, si kwa kugoma, alikuwa anasukuma sahani taratibu, kama mgeni aliyeshiba. Siku moja nipo nachambua mchele akaja akasimama karibu na goti langu.

“Bibi, itakuwa lini? Kabla shule hazijafunguliwa?”

Nilijua anauliza nini. Msije mkasema bibi hakuelewa. Nikasema, “Ukiendelea na tabia hiyo, si mbali.” Nikaendelea kuchambua mchele.

Jumapili baada ya ibada nikawa nalalamika kwa Mama Siwema, ambaye kila mwaka anakwenda kuchuma matunda kwenye mashamba ya Niagara. Nikamwambia jinsi mtoto alivyozembea, mti ukaungua. Mama Siwema akanishangaa.

“Mtoto gani, Bibi? Mwaka huu sisi hatuna kazi. Miti yote ilidanganywa na lile joto, ikachanua, baridi ikaikuta uchi. Mashamba mazima. Wenye mashamba wanalia. Na theluji wanaililia zaidi, maana ndiyo inayofunika mizizi, inaituliza isiamke mapema. Siku hizi haikai.”

“Inafunika,” nikasema.

“Kama blanketi.”

Nilirudi kwa basi, safari ndefu ile, nimeshika mkoba mapajani. Wajina amekaa mbele yangu, shingo imekuwa nyembamba, mifupa ya mgongo inaonekana kwenye gauni. Nilikuwa nimeshajua yote. Ningeweza kumgusa bega palepale. Sikumgusa. Nilikaa na neno lile kifuani siku kumi na nne, mtoto anasukuma sahani, kwa sababu sijawahi kuona bibi anamwambia mtoto amekosea. Nilikuwa nangoja ale kwanza, ndipo nifikirie.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu ndiye aliyepiga simu. Mtoto aligawa penseli zake zote darasani, na alipoulizwa akaeleza, kwa utulivu, kwamba hatazihitaji. Blandina aliitwa kutoka kazini. Alirudi na sare yake, hakuvua viatu, akanivuta mkono mpaka uani.

“Mfukulie kitovu chake.”

“Blandina, kitovu hakifukuliwi.”

“Leo kinafukuliwa. Nimekuachia mikono yake, Mama. Nimekuachia na mdomo wake. Hii sikuachii.”

Nikachukua jembe. Mtoto aliletwa akasimama pembeni, Debora nyuma yake. Mizizi ilikatika kwa urahisi, imekauka, mingine imekuwa myeusi. Nilichimba kwa jembe, nikachimba kwa mikono, nikafika chini ya pale nilipoweka pamba. Hapakuwa na kitu. Udongo, na mnyoo mmoja.

“Kiko wapi?” wajina akauliza.

“Kimekuwa udongo.”

“Tangu lini?”

“Zamani. Kabla hujajua kutembea.”

Akafikiri. Ana tabia ya kufikiri huku amekunja midomo, ni ya mama yangu hiyo, yule wa vinyungu. “Kwa hiyo mti ulipokuwa mzima, mimi sikuwemo.”

“Hukuwemo.”

“Na ulipokufa, sikuwemo.”

“Hukuwemo.”

“Na wewe ulijua.”

Nilikuwa nimepiga magoti shimoni, udongo mpaka viwikoni. Nikasema, “Nilijua.”

Hakulia. Akaniambia kwa Kiingereza, maneno mafupi ambayo hata mimi niliyaelewa, kwamba yule mzee alisema ni blanketi. Kisha akaingia ndani, na jioni ile akala, wali na maharage, sahani mbili. Akapona, kama mnavyosema ninyi. Lakini tangu pale uani mpaka leo hajanisemesha Kiswahili. Ni mtu mzima sasa, anasoma mji mwingine. Anakiongea kanisani. Anaongea na mama yake kwenye simu, nakisikia, kimenyooka kama nilivyokitia. Nikipewa simu kinakatika, kinakuja Kiingereza, cha adabu, cha mtu anayehudumia wateja. Hanichukii. Ningejua la kufanya na chuki.

Mzee wa mtini alifariki mwaka uliofuata. Sikuwahi kumwambia kwamba alisema kweli.

Na wajina naye, samahani sikumwambia. Nilitaka kuisema kwa njia niliyoizoea, ya kuamuru. Nikaweka maneno tayari, nikawa nangoja theluji ianguke niyaseme, ili mtoto asikie mbele ya wote. Mwaka ule ule mti ulipokufa, nilingoja mwezi wa kumi na moja wote. Nikangoja wa kumi na mbili. Niliyekuwa naisonya theluji nikawa naamka alfajiri kuitazamia kama mtu anayetazamia barua. Ikanyesha mvua. Siku ya Krismasi tulikaa mezani, pilau mbele yetu, nje uani nyasi za kijani, na kisiki cha mfyulisi tulioukata kinatiririka maji. Nikaona mwaka utakwisha sijasema. Nikaweka kijiko chini.

“Sikilizeni wote. Kuanzia leo theluji ya uani haifagiwi.”

Debora akageuka dirishani, akatazama mvua. “Theluji gani, Bibi?”

Wajina hakuinua macho kwenye sahani. Nikasema naye, ingawa nilimwangalia Debora.

“Itakayokuja. Ikija, iacheni ilale. Asiiguse mtu.”